Miezi tisa na Truecaller: nilikuwa nawakimbia wauza viwanja, mwisho wa siku namba nyekundu ikawa yangu

Jamani hebu vuteni hii picha. Mikono yote unga na siagi, mayai kumi na mbili nshavunja, oveni imeshapata moto, halafu simu inaita kule juu ya friji. Namba ngeni. Na mimi naishi kwa namba ngeni, naoka keki Tabata, namba yangu iko Insta, iko kwenye maboksi ya keki, iko mpaka kioo cha nyuma cha bajaji ya shemeji, kwa hiyo namba ngeni kwangu ni hela. Nakimbilia kunawa, najifuta kwenye kanga, napokea kwa ile sauti ya biashara, "haloo karibu", upande wa pili kijana anaachia kwa pumzi moja bila hata koma "habari dada unaongea na fulani tuna viwanja vimepimwa vina hati dakika tano tu kutoka lami unalipa kidogo kidogo miezi kumi na mbili je tukuandikie hata kimoja". Kimoja. Mimi ambaye kodi ya mwezi huo ilikuwa bado.

Na hizo dakika tano kutoka lami mnazijua wenyewe, labda uwe unaenda na ndege.

Mwezi wa tatu mwaka jana nikachoka, nikachukua daftari la oda nikawa kila namba ngeni ikiingia napiga kamstari. Jumatatu mpaka Jumamosi simu 41. Wateja wa kweli 13, boda waliopotea njia wakiwa na keki za watu 6, waliokosea namba 2, na 20 zilizobaki wote wananiuzia kitu, viwanja, bima, mkopo, kozi ya biashara ya mtandaoni, mmoja alikuwa anauza dawa ya kupunguza mwili sijui nani alimwambia. Meseji hata sikuzihesabu maana ningemaliza daftari. Kubeti, bahati nasibu, bando, "mteja mpendwa umechaguliwa", na wale wataalamu wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Wenzetu Ulaya matangazo wanatupiwa kwenye kisanduku cha barua mlangoni wanayaokota asubuhi wanayapeleka kwenye takataka. Sisi sanduku la posta liko posta na wengi wetu hatuna, kisanduku chetu ni simu, na simu inaita hata ukiwa chooni.

Kabla hamjaniambia "si unyamazishe tu namba usizozijua", nilifanya hivo. Dada mmoja mwenye iPhone alinionyesha ya kwake, kitu kinachonyamazisha namba zote ambazo hujazisevu, kipo tangu 2019, anaishi kwa amani kama mtawa. Mimi na Tecno yangu nikatafuta namna, nikaweka ile hali ya usinisumbue, simu iite tu kwa niliowasevu. Nilikaa siku nne. Siku ya nne usiku naangalia simu zilizopotea nakuta namba moja imepiga mara tatu mchana, napiga, mama wa watu ananiambia kwa upole kabisa, mwanangu nilikuwa nataka keki ya sendofu ya binti yangu, ngazi tatu, ila nimeshapata sehemu nyingine Mungu akubariki. Ngazi tatu jamani! Nikaondoa kile kitu usiku uleule.

Ndo hapo nikaweka Truecaller. Na hii ndo nimekuja kuielezea, maana kila siku mtu ananiuliza kama inafaa, na jibu langu ni ndiyo halafu kuna "lakini" ndefu.

Kwa wasioijua, ni aplikesheni ya Wasweden, ilianzishwa Stockholm 2009. Namba ngeni ikipiga inakuonyesha jina wakati simu bado inaita, ikiwa namba ya kawaida inakuja bluu, ikiwa watu wengi wameilalamikia inakuja nyekundu na idadi ya walioripoti. Unaweza kuiambia namba nyekundu zote zikatwe zenyewe bila hata kuita. Kuna ya bure na ya kulipia, mimi natumia ya bure, na ya bure ina matangazo. Yaani nimeweka kitu cha kunizuilia matangazo, nikimaliza kuongea na simu kinaniwekea tangazo. Nilicheka kwanza halafu nikazoea.

Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto aliyepewa kidoli. Simu inaita, kabla sijanawa mikono natupia jicho kule juu ya friji, nyekundu, "Viwanja", naendelea na unga wangu. Bluu, jina la mtu, nakimbia. Hiyo peke yake kwa mtu anayefanya kazi ya mikono, muulize msusi, muulize fundi cherehani, muulize mama lishe, ni raha isiyoelezeka. Zile simu ishirini za kwa wiki nilizokuwa napokea zikabaki kama tano sita, na hizo tano nyingi ni laini mpya ambazo hakuna aliyewahi kuziripoti. Maana ndo inavyofanya kazi, haina uchawi, mpaka wenzako waumwe kwanza na hiyo namba ndo wewe uonywe. Wauzaji wanalijua hilo, laini ikishaiva nyekundu wanabadilisha.

Halafu inahitaji bando. Hili watu hawaambiwi. Data ikiwa imezimwa, jina la mtu mpya halitokei, inakuja namba tupu kama zamani. Mimi nilikuwa na tabia ya kuzima data mchana nibane matumizi, ikabidi niache, kwa hiyo ya bure si ya bure sana.

Ila utamu wenyewe wa hii kitu uko kwenye majina. Majina hayatoki ofisini kwao, yanatoka kwa sisi watumiaji, mtu alivyojisajili mwenyewe, au watu walivyopendekeza, au kwenye orodha za namba za wale waliokubali kuzichangia. Sasa Mtanzania anasevu jina la mtu? Mtanzania anasevu habari za mtu. Nimepigiwa na "Fundi Bomba Muongo". Nimepigiwa na "Baba Eliza Deni". Nimepigiwa na "USIPOKEE" herufi kubwa zote, nikapokea kwa udadisi, kumbe kaka wa watu anataka tu keki ya kipaimara ya mwanawe na akalipa adivansi papo hapo, mpaka leo najiuliza alimfanyia nini nani. Kuna mteja wangu mmoja mstaarabu sana, anaongea taratibu, anaagiza kila mwaka, yeye anatokea "Pasta Feki". Sikulala vizuri ile siku, na kusema kweli oda iliyofuata nilimuomba alipe yote kwanza, nikaja kuona aibu baadaye maana mtu hajanikosea kitu, nimemhukumu kwa jina alilopewa na mtu nisiyemjua kwa ugomvi nisioujua.

Nikatafuta namba yangu. Mlijua tu ningeitafuta. "Dada Keki Tabata Bei Juu". Nikahisi ni nani, nikamtafuta kichwani wiki nzima, nikabadilisha jina kwa kujisajili vizuri. Halafu nikatafuta ya mama yangu yuko Korogwe. Mama ana kitochi. Mama hajawahi kushika simu janja zaidi ya kuangalia picha za wajukuu kwenye ya kwangu. Na yumo, jina, na neno moja la ziada ambalo silisemi hapa, mtu aliyemkopesha kitenge labda. Hapo ndo nilipoacha kucheka. Mimi nilikubali masharti, nilibonyeza ndiyo ndiyo ndiyo kwenye kila ruhusa, majina ya kwenye simu, meseji, rekodi za simu, sikusoma hata mstari. Mama hakubonyeza kitu. Alisevu mtu mwingine huko, akakubali mtu mwingine, akaingia yeye. Inawezekana kumtoa mtu, kuna ukurasa kwenye tovuti yao unaandika namba inaondolewa, asiye na akaunti anaondolewa hivohivo, mwenye akaunti inabidi aifunge kwanza. Nimemtoa mama. Lakini ni mama wangapi wa kitochi wana mtoto wa kukaa kuwatafutia ukurasa?

Ngoja nirudi nyuma kidogo kwenye swali ambalo kila mtu analiuliza, hivi namba zetu hawa watu wanazitoa wapi. Mimi nadhani tunazigawa wenyewe kama njugu. Daftari la mlinzi getini, unaenda ofisi ya mtu kupeleka keki dakika tatu, unaandika jina, namba ya simu, unapokwenda, sahihi, na juu yako unasoma majina na namba za watu thelathini waliokutangulia. Kuponi za bahati nasibu dukani. Magrupu ya michango ya harusi, unaunganishwa asubuhi bila kuulizwa na watu mia mbili usiowajua, na namba zote zinaonekana, mtu mmoja tu mwenye biashara yake akiamua kuzikusanya ameshamaliza. Na mwaka juzi kuna kijana alinifuata kabisa, akanambia dada ukitaka biashara ikue nina namba elfu kumi za watu wa Dar, nakupa kwa elfu thelathini, unawatumia meseji za jumla. Nikamuuliza umezipata wapi, akacheka. Sikununua, na msinipongeze, sikununua kwa sababu sikuwa na hiyo elfu thelathini.

Na kuna ya mikopo. Mtoto wa mjomba alikopa kwenye aplikesheni fulani ya simu, hela yenyewe laki moja na kitu, akachelewa, basi wakaanza kunipigia mimi, "wewe ndo mdhamini wake". Mdhamini lini? Ile aplikesheni ilichukua majina yote kwenye simu yake siku anakopa, ikawapigia mpaka mwalimu wake wa sekondari. Namba moja ukiizuia wanakuja na nyingine, asubuhi mbili, mchana mbili, matusi. Truecaller hapa ilisaidia nusunusu maana walikuwa wanabadilisha laini kama soksi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, watu tukafurahi, ila deni la binamu lilikuwa limeshalipwa na mimi nusu, ili tu nipumzike.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Desemba. Kwetu waokaji Desemba ndo mavuno, kuna Krismasi, kuna harusi zote zilizoshindikana mwaka mzima. Nikasema mwaka huu sisubiri, nikachukua madaftari yangu ya oda ya miaka mitatu, nikatoa namba za wateja wa zamani 212. Nikanunua meseji za jumla, zile zinazoenda kwa jina la biashara badala ya namba, nikatunga tangazo zuri, ofa ya Krismasi, kilo mbili unapata na kapkeki sita. Wakajibu wachache kwa kupiga. Nikamwambia mtoto wa dada yangu aliyekuja likizo, chukua laini yangu, wapigie waliokaa kimya, ongea vizuri, wakumbushe. Binti akafanya kazi kwa bidii jamani. Aliwapigia. Ambao hawakupokea akawapigia kesho yake. Na keshokutwa. Wengine mara nne, baadaye ndo nikaona kwenye rekodi, mpaka saa tatu usiku.

Tarehe 19 mteja wangu mmoja wa siku nyingi ananitumia picha ya kioo cha simu yake WhatsApp, na kale kasura ka kucheka machozi. Jina langu. Nyekundu. Watu 9 wameripoti.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Kwanza hasira, nikataka kujua ni nani hao tisa, kati ya wateja wangu, watu waliokula keki zangu, nimewahi kumpelekea mmoja wao keki saa nne usiku kwenye mvua. Nikawa natembea na daftari kichwani nawahukumu mmoja mmoja. Halafu nikakumbuka yule kijana wa viwanja. Yule mimi nilimripoti mwezi wa nne, nilibonyeza bila kufikiria, nikiwa na unga mkononi, na yeye labda naye alikuwa amepewa karatasi na bosi wake, wapigie hawa waliokaa kimya. Na mtu aliyeagiza keki kwangu mara moja 2022 kwa ajili ya bethdei ya mtu ambaye labda wameshaachana, kwake mimi na yule kijana tofauti yetu ni nini? Alinipa namba yake nimpelekee keki. Hakunipa nimpigie saa tatu usiku Desemba tatu mbele.

Hasara haikuwa ya maneno tu. Ile wiki boda mmoja anapiga mteja anapokea, mimi nikipiga mteja huyohuyo hapokei, keki imefika mlangoni inayeyuka krimu, kumbe kwake natokea nyekundu au ameshaweka zikatwe zenyewe. Keki mbili zilirudi. Nikawaomba ndugu na marafiki wenye Truecaller waingie waseme hii namba si ya usumbufu, ikasaidia, ila taratibu, mpaka naandika hii kuna simu bado natokea nyekundu na nyingine bluu. Sina wa kumlaumu kwa hilo maana kitu kimefanya kazi yake ileile niliyokuwa naisifia tangu mwezi wa nne. Yule binti sijamwambia, amerudi shule anajua alifanya kazi nzuri.

Kuna vitu vingine nilivijaribu pembeni niviseme harakaharaka maana si vya kusubiria Truecaller.

Meseji za utapeli, zile za tuma kwenye namba hii, za mwalimu mkuu mtoto wako kaanguka shuleni, za jiunge na Freemason uwe tajiri, msizifute tu. Itume kama ilivyo kwenda 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakikujibu watakuomba namba ya aliyekutumia, unaituma. Watu wengi wanakwama hapo, wanatuma meseji halafu wanaona wamemaliza, kumbe namba ya tapeli hawajaipeleka. Mimi natuma nikiwa nasubiri keki iive, dakika moja. Ila msipeleke huko meseji za viwanja na bando, ile ni ya matapeli, kuudhiwa na tangazo ni kesi nyingine.

Ya pili, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulipanga foleni wote ule usajili wa alama za vidole, laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20 2020, tukajua matapeli basi. Mimi nilivyopiga nikakuta namba moja siijui. Nikavuta kumbukumbu, nikakumbuka kijana mmoja wa kusajili laini chini ya mwavuli aliyeniambia "dada weka kidole tena haijasoma", nikaweka tena, na tena. Sasa kidole cha tatu ndo hicho. Nikaenda duka la mtandao wa simu wakaitoa, foleni saa moja na nusu. Sijui hiyo namba ilikuwa inatuma nini kwa jina langu na sitaki kujua.

Meseji za matangazo yenyewe, nyingi chini zimeandikwa kujitoa tuma ONDOA au STOP kwenda namba fulani, fanya hivo, kwangu kuna zilizokoma kabisa. Shida ni zile zinazokuja kwa jina tupu, kama yale niliyotuma mimi, jina halijibiki, huna pa kutuma hiyo STOP. Hizo unazizuia kwenye simu yenyewe zinaenda folda ya taka. Za mtandao wa simu wenyewe piga 100, ukipata mtu wa kuongea naye mwambie sitaki matangazo, mimi ilibidi nipige mara mbili. Binamu yangu aliyeolewa Nairobi ananambia kwao mwisho wa meseji za matangazo za Safaricom kunakuwa na *456*9*5#, unapiga unachagua nani asikutumie tena, nilimuonea wivu kwa hilo tu, mengine hapana.

Na sheria ipo, msidhani hakuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Ndani yake una haki ya kumwambia mtu asitumie taarifa zako kukutangazia biashara. Kenya wao walitangulia na ya 2019, na mwaka 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilipigwa faini ya shilingi za kwao 2,975,000 kwa kuchukua namba za watu na kuwasumbua kwa simu na meseji. Nilivyoisoma hiyo Januari nikiwa bado na kidonda cha Desemba, nikaliangalia daftari langu la namba 212 kwa jicho lingine kabisa, nikalitoa juu ya meza ya jikoni nikalifungia kabatini.

Kwa hiyo Truecaller nyota ngapi. Kama kazi yako ni ya mikono na namba yako iko hadharani, nyota nne, iweke leo, utanishukuru, ila ukishaiweka ingia kwenye mipangilio kabla ya kufurahi, ruhusa unazoweza kukataa kataa, jisajili jina lako mwenyewe kabla hujaitwa jina na anayekudai, na usiiruhusu ikate simu yenyewe, iache ionyeshe tu rangi uamue mwenyewe, maana na mimi ni nyekundu na keki yako ninayo mlangoni. Kama wewe simu yako ni ya ndugu na ofisi tu huna haja nayo, nyamazisha namba ngeni upumzike, usiingize majina ya watu mia tatu kwenye kapu kwa sababu ya simu mbili za bima kwa mwezi. Kwa upande wa mama zetu wa vitochi, nyota mbili. Ya kulipia sijanunua, wanaoitumia waseme.

Nilichobadilisha mimi ni hiki, mteja akilipia oda namuuliza, nikukumbushe mwakani siku kama hii au nisikukumbushe? Akisema ndiyo naweka tiki kwenye daftari jipya na mwezi wake, akisema hapana namba nafuta keki ikishafika. Tangu Januari nimeuliza watu 31, wamesema ndiyo 22, sikutegemea. Mmoja alisema "nikumbushe ya mke wangu, ya mama mkwe usinikumbushe".

Oda za Pasaka nimeshafungua. Mkinitafuta anzeni WhatsApp mniandikie jina, na siku ya keki nikikupigia simu yako ikawaka nyekundu tafadhali pokea, ndo mimi, niko getini na boda na jua ni kali.